Apollo Haipendi Mwezi

Usiku wa mwezi mpevu, ufuko wa Bujumbura hulala mapema. Ukishika barabara ya kusini, ile iendayo Rumonge, ukaziacha nyumba za mwisho za mji kuelekea Kabezi, utakuta mashua zimevutwa mchangani, nyavu zimetundikwa mitini, na wanaume wameketi wanaziba matundu kwa sindano za mbao. Ziwa Tanganyika limetulia, jeupe kama sinia. Milima ya Uvira ng'ambo inaonekana mpaka mikunjo yake. Ni usiku mzuri wa kutembea na usiku mbaya wa kuvua ndagala, dagaa wetu.

Mzee mmoja alinieleza sababu kwa upole wa mtu aliyezoea kuulizwa na watu wa mjini. "Mwanangu, ndagala anafuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa yangu mimi ni nini? Anaona mwanga kila mahali, haji kwangu." Ndiyo maana kila mwezi, kwa wiki moja au zaidi kidogo, kazi husimama mpaka giza lirudi. Nikamuuliza juu ya vyombo viwili vikubwa vilivyokuwa vimefungwa pamoja kwa magogo, nyuma yake. Akajibu bila kuinua macho kwenye wavu.

"Hiyo ni Apollo."

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini hilo ndilo jina, na kwa wavuvi wa Burundi ni la kawaida kama mtumbwi au kasia. Zamani palikuwa na lusenga, wavu wa kuteka kwa mikono kutoka kwenye mtumbwi, na moto wa kuwavutia samaki. Katika miaka ya 1950 ikaja katamarani: mashua mbili zinaungwa, wavu unashushwa katikati yake, karabai zinawashwa juu ya maji, ndagala na mukeke wanapanda wakiufuata mwanga, kisha wavu unainuliwa polepole. Baadaye ikaundwa iliyo kubwa kuliko hiyo, yenye wavu mpana na taa nyingi zaidi, nayo ikapewa jina la chombo cha Wamarekani. Mtu aliyekuwa na redio Julai 1969 hahitaji kuelezwa kwa nini. Kitu kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia, kinaondoka jioni na taa zake kwenda gizani: kingeitwaje tena?

Ila tofauti moja ilinichekesha njia nzima ya kurudi. Apollo ya Florida iliufuata mwezi kwa gharama ya mabilioni ya dola. Apollo ya Bujumbura inaukimbia.

Majina haya husafiri pande zote mbili. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kutafuta miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo, na mpaka leo wanaastronomia wa Tokyo au Chicago wanapoviandika huanza na tarakimu 4 na herufi U. Hiyo U ni ya neno letu. Apollo imeshuka ziwani, Uhuru umepanda angani, na hapakuwa na mtu wa forodha kati yake.

Juma lililofuata nilirudi kwa yule mzee na picha kwenye simu.

Ni picha ambayo kila mtu ameiona hata kama hajui jina lake: dunia nzima, duara kamili, bluu na nyeupe, imeelea kwenye weusi. Ilipigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, saa tano hivi baada ya kuondoka, wakiwa umbali wa kilomita 29,000 au karibu na hapo. Jua lilikuwa mgongoni mwao, kwa hiyo uso wote wa dunia uliong'aa mbele yao ulikuwa ule wenye mchana. Na uso huo ulikuwa Afrika. Rasi ya Arabuni iko juu, Madagaska iko pembeni, theluji ya ncha ya kusini iko chini, na karibu bara letu lote limejaa katikati. Hata "juu" na "chini" ni mapenzi ya wahariri. Katika filamu yenyewe kusini kulikuwa juu, picha ikageuzwa kabla ya kuchapwa ili wasomaji wasipate kizunguzungu.

Kwa muda mrefu niliitazama picha hiyo kama mapambo ya ukutani. Siku moja nikakaa nikapiga hesabu ya saa. Ilipigwa saa nne na dakika 39 asubuhi kwa saa za Greenwich. Bujumbura iko saa mbili mbele. Kwa hiyo kwetu ilikuwa saa sita na nusu mchana imepita kidogo, siku ya Alhamisi. Watu walikuwa wanatoka sokoni. Sufuria zilikuwa mekoni.

Na ulikuwa mwaka 1972.

Msomaji wa Burundi hahitaji kuambiwa zaidi. Wengine nawaeleza kwa ufupi, kwa sababu mambo haya hayaelezeki kwa urefu bila kuharibika mdomoni. Tarehe 29 Aprili mwaka huo waasi waliinuka kusini, kandokando ya ziwa hilihili, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi. Kisha serikali ya Michel Micombero ikawageukia Wahutu nchi nzima, hasa waliokwenda shule: walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi. Walipakiwa kwenye malori. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 100,000 na kufika 300,000. Kwa Kirundi tunauita mwaka ule Ikiza. Mwanzoni mwa 2020, huko Karusi, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi sita na kutoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi yao walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari.

Kwa hiyo picha inayosifiwa kuliko zote kwa kumwonyesha binadamu nyumbani kwake ilitupiga sisi pia, tukiwa katika mwaka mbaya kuliko yote. Kufikia Desemba mauaji yalikuwa yamekwisha kwa sehemu kubwa. Makaburi ya halaiki yalikuwa yameshafukiwa, na waliokimbia walikuwa upande wa pili wa mipaka. Yote hayo yamo ndani ya lile duara la bluu, na hakuna hata moja linaloonekana.

Mzee aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho kama wanavyofanya watu wa umri wake.

"Ziwa liko wapi?"

Nikapanua picha mpaka ikaanza kuvunjika. Mawingu yametapakaa kama pamba, ardhi ina rangi ya udongo. Nikaweka ukucha mahali lilipo.

"Mwaka gani?"

Nikamwambia mwaka, siku na saa. Alinyamaza. Kisha akasema alikuwa na miaka tisa, na kwamba siku hizo hakuwa upande huu. Walivuka usiku kwa mtumbwi mpaka Kigoma, yeye na mama yake na mdogo wake, kisha wakapelekwa Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako hapana ziwa la kuvua. "Saa sita mchana," akasema, "tulikuwa kwenye foleni ya unga. Kila saa sita tulikuwa kwenye foleni ya unga." Kiswahili chake kilichonyooka nikajua kimetoka wapi. Akaitazama picha tena.

"Kwa hiyo na mimi nimo humu?"

"Umo, mzee."

"Wamepiga bila kubisha hodi."

Nimesoma sana juu ya yale yanayowapata wanaanga wanapoitazama dunia kutoka nje. Mwaka 1987 Mmarekani Frank White aliandika kitabu kizima kuhusu hali hiyo. Wengi wao wanasema jambo linalofanana: ukiwa kule huoni mipaka, unaona nyumba moja, na ugomvi wetu wote unaonekana upuuzi. Bill Anders, aliyepiga picha ya dunia ikichomoza juu ya upeo wa mwezi siku ya mkesha wa Krismasi 1968, alisema baadaye kwamba walikwenda kuuchunguza mwezi wakaivumbua dunia. Naamini alisema kweli yake. Mtu hawezi kuona kitu kile akarudi alivyokwenda.

Lakini mimi ni mtu wa Bujumbura, na neno "sikuona mipaka" halinipiti kooni vizuri. Kutoka juu mto Rusizi, mpaka wetu na Kongo, ni uzi wa maji. Februari 2025, vita vilipoishukia Kivu ya Kusini, watu kwa maelfu waliuvuka uzi huo kuingia Cibitoke, na wengi wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Walioingia majini na magodoro kichwani waliuona mpaka vizuri sana. Wengine hawakufika ukingo wa pili. Asiyeuona mpaka kutoka juu haoni pia anayeuvuka. Jicho la mbali lina upofu wake, na ni haki tuuseme sisi tuliomo kwenye picha, maana mpiga picha hawezi kuujua.

Sisi tumeshawahi kuvumbuliwa, tunajua mchezo huo. Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika kwenye ziwa hili wakiwa na swali moja lililowanyima usingizi: Rusizi inaingia ziwani au inatoka? Kama inatoka, basi huenda ndiyo chanzo cha Nili. Walipanda mpaka Uvira, na huko wana wa chifu wakawaambia wazi kwamba mto unaingia. Burton aliandika kwamba alivunjika moyo. Hawakuufikia mdomo wa mto, na mabishano yakaendelea London kwa miaka 13, mpaka Livingstone na Stanley walipokuja Novemba 1871, wakapiga makasia hadi kwenyewe na kukuta maji yanakwenda upande ule ule waliosema wana wa chifu. Jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley lipo Mugere, kusini tu mwa mji, limechorwa majina na tarehe, na wageni hupelekwa kupigwa picha nalo. Kila nikilipita nafikiri juu ya mvuvi wa siku hizo, aliyekuwa akiukabili mkondo wa Rusizi kila asubuhi kwa mabega yake. Swali halikuwa lake. Safari ile yote ilitufundisha machache juu ya mto na mengi juu ya watu waliokuwa tayari kufa kwa homa ili wajue maji ya wengine yanaelekea wapi.

Nasema hivyo bila dharau. Hamu ile ni kitu kikubwa, na ni hamu hiyohiyo iliyopeleka watu mwezini. Ninachokataa ni kusikia kwamba binadamu amejijua kwa kuwa wachache wamekwenda mbali, kisha sisi tuambiwe tushukuru.

Kwa upande mwingine, ninaowakataa ni wale wa kwetu wanaosema mambo ya anga hayatuhusu, tushughulikie sukari na mafuta. Waende mtaa wa Kibenga wakasimame kwenye nyumba zilizoingiliwa na maji. Ziwa Tanganyika limekuwa likipanda, likafurika mwaka 2021 na tena 2024, mpaka Aprili mwaka huo serikali pamoja na Umoja wa Mataifa wakaomba msaada wa nje. Gatumba watu wamehama, wakarudi, wakahama tena. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 na zaidi, linagawanywa na nchi nne, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, kule Kalemie. Nani anajua limepanda kiasi gani, kote, si mbele ya nyumba yake tu? Tangu 1992 kazi hiyo inafanywa pia kutoka angani. Chombo kinapita kilomita 1,336 juu yetu, kinatuma wimbi la redio chini, linagonga maji na kurudi kwa muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde, na kwa kuhesabu muda huo kinajua uso wa maji uko wapi. Baada ya siku kumi kinapita tena palepale. Kiliundwa kwa ajili ya bahari. Maziwa yetu yakafaidi.

Nimeona kipimo kingine, Kibenga, kwenye ukuta wa chumba cha nyuma. Mwenye nyumba amepiga mstari wa mkaa kila mahali maji yalipofika na kuandika mwaka pembeni, kama wazazi wanavyopima watoto kwenye fremu ya mlango. Mstari wa 2024 uko juu ya swichi ya taa. Alisema hahitaji setilaiti kumwambia maji yalifika hapo. Ni kweli. Anachohitaji ni kuambiwa kama yatarudi, na hilo ukuta haulijui.

Kenya, Rwanda na Uganda zimeshapeleka setilaiti zao ndogo. Zamu yetu haijafika, na sioni aibu katika hilo. Aibu itakuwa kuendelea kutazamwa bila kuuliza kilichoonekana.

Kuna siku moja nilikasirika kwa niaba ya lugha yetu. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha Voyager mbili, kila moja na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu kwa yeyote atakayeiokota kati ya nyota. Lugha 55. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kisotho kimo, hata Kisumeri kisichosemwa na mtu tangu maelfu ya miaka kimo. Kiswahili hakimo. Kirundi nacho hakimo. Kwa upande wa muziki, kilichotoka karibu nasi zaidi ni wimbo wa wasichana Wambuti wa Ituri, na sasa sauti zao katika Voyager 1 ziko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa, mbali kuliko kitu chochote kilichotengenezwa na mkono wa mtu.

Hasira ilipopoa likabaki swali. Tungepewa nafasi tungesema nini? Kujitambulisha kwa jirani ni rahisi, anamjua baba yako. Mgeni asiyejua hata binadamu ni nini utamwanzia wapi? Ngoma za Burundi zingechaguliwa kwanza, bila shaka, kwa kuwa zinajulikana duniani na UNESCO imeziorodhesha tangu 2014. Mimi ningepeleka inanga ya kunong'ona: mzee mmoja, nyuzi za ng'ombe, na sauti iliyoshushwa mpaka inakaribia kuwa pumzi tupu. Ni sauti ya nchi iliyojifunza kusema mambo mazito kwa chini. Nilipomuuliza rafiki yangu wa ufukoni naye angewaambia nini hao wa kwenye nyota, hakufikiri hata kidogo. "Wasije wakati wa mbalamwezi. Hatutakuwa na samaki wa kuwapa."

Katika mtaa wa Buyenzi, hapa mjini, Waislamu wanautazama mwezi kwa njia yao. Jioni ya siku ya 29 ya Shaabani watu hutoka kwenye avenyu baada ya magharibi, shingo zimegeuzwa upande wa Kongo ambako jua limezama. Simu zao zimeshawaambia dakika ambayo mwezi utatua. Wapo waliosikia habari za Saudia, wapo wanaosubiri Kigoma. Bado wanasimama pale na watoto mabegani, wanaelekezana kwa vidole juu ya mabati na nyaya za umeme, kila mmoja akitaka auone mwenyewe. Nimewahi kusimama nao. Mtoto mmoja alipiga kelele kwamba ameuona, kumbe ilikuwa ndege, na avenyu nzima ikacheka.

Mzee wangu siku hizi hatumii karabai. Ana taa za betri, anazichaji mchana kwa paneli ya jua iliyofungwa juu ya kibanda. Mwezi ukianza kuchelewa kuchomoza, Apollo inasukumwa majini wakati wa magharibi, na kufika saa tatu usiku taa zimeshasambaa ziwani hadi karibu na Uvira. Ukiwa juu mlimani Kiriri huwezi kusema ipi ya Mrundi na ipi ya Mkongo. Yeye anasema anazijua zote.

Kama nyumbani kwako kuna mzee wa umri wake, muulize alikuwa wapi Alhamisi ile, tarehe 7 Desemba 1972, saa sita na nusu mchana. Muulize kabla hujamwonyesha picha.